Nguvu za Jua na Maji Taka ya Miji Inayokua

Mwezi Julai mwaka 2020 mji wa Mbarara, ulio magharibi ya Uganda, ulipandishwa daraja ukawa jiji. Kutokana na hatua hiyo makao makuu ya Wilaya ya Mbarara yalipangiwa kuhamia Bwizibwera, mji mdogo wa Kashari ulio kando ya barabara iendayo Ibanda. Mji unapopewa makao makuu hupewa pia yale yote yanayofuatana nayo: maofisi, nyumba za watumishi, nyumba za wageni, maduka, shule, na zaidi ya yote watu. Lakini liko jambo moja linalowafuata watu popote waendapo, na ambalo halitajwi katika hotuba za kuweka mawe ya msingi. Jambo hilo ni maji machafu yatokayo majumbani, hospitalini na sokoni.

Siku hizi, kila unapotajwa mtambo wa kusafisha maji taka, hutajwa pia umeme wa jua. Wapo wanaoamini kwamba ukishatandaza mabamba ya jua juu ya mapaa na juu ya kingo za mabwawa, basi shida ya maji taka imekwisha. Wapo pia wanaobeza, wakisema kwamba hayo ni mambo ya wafadhili wanaotaka kupigwa picha. Pande zote mbili zinafanya haraka. Jua lina kazi kubwa ya kufanya katika usafishaji wa maji machafu, ila kazi hiyo si moja, na wala haifanywi yote na mabamba.

Yafaa kwanza kueleza umeme unatakiwa wa nini. Katika mitambo ya kisasa ya miji mikubwa, maji taka husafishwa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula uchafu uliomo ndani ya maji. Vijidudu hivyo vinahitaji hewa kama samaki wanavyoihitaji, na hewa hiyo husukumwa ndani ya matangi kwa mashine kubwa, usiku na mchana, bila kupumzika. Kazi hiyo ya kupuliza hewa peke yake huchukua karibu nusu ya umeme wote wa mtambo, na mara nyingi hupita nusu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, vijidudu hudhoofika na kufa, na maji huingia mtoni yakiwa karibu kama yalivyotoka chooni. Tena umeme ukirudi, kazi hairudi papo hapo, kwa sababu huchukua siku nyingi vijidudu kuzaliana upya.

Mbarara haikuifuata njia hiyo. Kwa miaka mingi jiji hilo limetegemea mabwawa ya kusafishia maji taka yaliyoko Kakyeka, na namna mabwawa ya aina hiyo yanavyofanya kazi ni somo zuri kwa kila mtu anayetaka kuzungumza juu ya nguvu za jua. Maji machafu huingia kwanza katika bwawa lenye kina kirefu, ambamo tope hutuama na kuoza bila hewa. Kisha hupita katika bwawa kubwa lisilo na kina kirefu. Humo huota mimea midogo ya majini, ile inayoyafanya maji yawe ya kijani. Mimea hiyo hupokea mwanga wa jua na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayotumiwa na vijidudu kula uchafu. Mwisho maji hupita katika mabwawa mengine mafupi zaidi, ambamo mionzi ya jua na kukaa kwa siku nyingi huua vijidudu vya magonjwa. Hakuna mashine hata moja katika mwendo huo wote. Kwa maneno mengine, jua lilikwisha kuajiriwa Kakyeka kabla ya mtu yeyote kuleta bamba, na wala halidai mshahara.

Jambo hili linasahauliwa mara nyingi, pengine kwa kuwa bwawa halipendezi machoni na bamba linang'aa. Katika nchi inayopitiwa na ikweta kama Uganda, ambako kila mita moja ya mraba ya ardhi hupata kwa wastani yuniti tano hivi za nguvu za jua kwa siku, njia iliyo rahisi kuliko zote ya kutumia nguvu hizo katika maji taka ni kuliacha jua liangaze juu ya maji yenyewe. Nchi za baridi hazina bahati hiyo. Huko majira ya baridi huwa marefu na jua huwa hafifu, ndiyo maana zikalazimika kubuni mashine za kupuliza hewa. Si busara kuzinunua mashine hizo kwa mkopo, halafu kununua kwa mkopo wa pili mabamba ya kuziendesha, mahali ambapo bwawa lingetosha.

Hata hivyo mabwawa yana mipaka yake. Mpaka wa kwanza ni ardhi, na jambo hilo litarudiwa hapa chini. Mpaka wa pili ni mteremko. Maji taka huteremka yenyewe mahali palipo na mteremko, lakini Mbarara na Kashari ni nchi ya vilima na mabonde. Mtaa ulio upande wa pili wa kilima hauwezi kupeleka maji yake bwawani bila pampu ya kuyapandisha. Hapo ndipo unapoingia umeme, na hapo ndipo mabamba ya jua yanapopata kazi yao ya haki.

Chukua mfano wa kituo kidogo chenye pampu ya kilowati 15 inayofanya kazi kwa muda wa saa nane kwa siku. Pampu hiyo itatumia yuniti 120. Kilowati moja ya mabamba, ukiondoa vumbi, joto na upotevu wa njiani, hutoa yuniti nne hivi kwa siku katika jua la huko. Kwa hiyo zinatakiwa kilowati 30 za mabamba, ambazo zitachukua eneo la kiasi cha uwanja mmoja wa mpira wa wavu, au kupita kidogo. Hili si jambo kubwa. Halmashauri yoyote ya mji inaweza kupata eneo la namna hiyo, na bei ya mabamba imeshuka sana tangu mwaka 2010.

Lakini hesabu hiyo, pamoja na usahihi wake, inaficha jambo moja, na wengi wamejikwaa hapo. Jua huangaza kwa nguvu kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri. Watu hawaendi chooni kwa ratiba ya jua. Maji taka ya mji huja kwa wingi kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, watu wanapooga na kujitayarisha kwenda kazini na shuleni, na huja tena kwa wingi jioni, wanapopika na kufua. Yaani maji huja kwa wingi wakati jua linapochomoza na wakati linapozama. Usiku yanapungua, ila hayakomi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini maji hayo yasihifadhiwe shimoni mpaka jua litoke. Yanaweza kuhifadhiwa, lakini kwa saa chache tu. Maji taka yakikaa muda mrefu bila hewa huoza na kutoa gesi yenye harufu ya yai bovu. Gesi hiyo ni sumu. Imeua mafundi wengi duniani walioingia mashimoni bila tahadhari, na hugeuka tindikali inayokula saruji na vyuma vya kituo chenyewe. Shimo likijaa, maji hufurika na kutiririka mitaani. Kwa sababu hiyo kituo cha kupandisha maji taka hakiwezi kutegemea jua peke yake. Kinahitaji jua pamoja na waya wa umeme wa taifa, au jua pamoja na betri, au jua pamoja na jenereta. Anayeuza mabamba bila kusema hivyo ameficha nusu ya bei.

Tofauti na hilo, maji safi yanangoja. Pampu ya maji safi inaweza kufanya kazi mchana kutwa, ikajaza tangi lililojengwa juu ya kilima, na usiku watu wakachota maji yanayoshuka yenyewe. Tangi hilo ndilo betri, na ni betri isiyochakaa baada ya miaka mitano. Mahali pa kuyaona mambo haya si mbali. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Wilaya ya Isingiro, ambayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, leo wanaishi watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko, na Kiswahili ni moja ya lugha wanazosikilizana kwazo sokoni. Pampu zinazoendeshwa kwa nguvu za jua zimetumika katika makazi ya namna hiyo nchini Uganda ili kupunguza mafuta ya dizeli na magari ya kubebea maji. Huko Bidibidi, Wilaya ya Yumbe, ambako makazi yalifunguliwa mwezi Agosti mwaka 2016 na kujaa watu kwa muda mfupi, maji yaliletwa kwanza kwa malori kwa gharama kubwa, kabla ya visima na pampu za jua kuchukua mahali pake.

Manufaa ya hatua hiyo yalionekana zaidi mwaka 2025, misaada ya wakimbizi ilipopunguzwa sana. Mafuta ya dizeli hununuliwa kila wiki, na fedha zikikoma pampu inazimika. Jua halina ankara ya kila wiki. Lakini isidhaniwe kwamba halina ankara kabisa. Mabamba mazuri hudumu miaka 20 hadi 25. Kifaa kinachogeuza umeme wa jua ili uendeshe pampu huhitaji kubadilishwa baada ya miaka kumi hivi. Na betri za kawaida za risasi na tindikali hufa mapema zaidi, pengine katika mwaka wa nne au wa tano. Pampu yenyewe huchakaa kama pampu nyingine yoyote. Mradi ambao haukuweka akiba ya vitu hivyo hauna mwenyewe, hata kama umezungushiwa ua na kuwekewa kibao.

Na vyoo vya Nakivale je? Huko hakuna mabomba ya maji taka. Watu hutumia vyoo vya shimo, na mashimo yakijaa huchimbwa mengine, mpaka ardhi ya kiwanja inakwisha. Hali ni hiyo hiyo katika sehemu kubwa ya miji midogo ya Afrika Mashariki. Kwa mji wa namna hiyo mtambo unaofaa kwanza si ule wa kupokea maji ya bomba, bali ule wa kupokea tope linaloletwa na magari ya kunyonya vyoo. Mjini Kampala, mtambo wa Lubigi uliofunguliwa mwaka 2014 ulijengwa upokee vyote viwili: mita za ujazo 5,000 za maji taka ya bomba na mita za ujazo 400 za tope la vyoo kila siku. Humo tope hukaushwa kwa jua, juu ya vitanda vya mchanga, kama dagaa wanavyokaushwa ziwani. Hapo tena jua linafanya kazi bila waya.

Ulimwenguni iko mifano ya mahali ambapo mambo haya yameunganishwa. Kambi ya Zaatari nchini Jordan, inayokaliwa na wakimbizi wa Syria, ina mtambo wake wa kusafisha maji taka, na mwaka 2017 ilijengewa kituo cha umeme wa jua cha megawati 12.9 kwa ajili ya kambi nzima. Huko California, Marekani, mamlaka ya maji ya eneo la Oakland ilitangaza mwaka 2012 kwamba mtambo wake wa maji taka unazalisha umeme mwingi kuliko unaoutumia. Lakini msikilizaji asidhani kwamba umeme huo wa Oakland ulitoka kwenye mabamba. Ulitoka kwenye tope. Tope la maji taka, likiozeshwa ndani ya tangi lisiloingiza hewa, hutoa gesi inayowaka, na gesi hiyo huendesha majenereta usiku na mchana, mvua na jua. Uganda imeifuata njia hiyo katika mtambo mpya wa Bugolobi, Kampala, uliojengwa kusafisha mita za ujazo 45,000 kwa siku. Kwa mtambo mkubwa, gesi ya tope na umeme wa jua ni ndugu wawili wanaosaidiana, mmoja akiwa na zamu ya mchana tu na mwingine asiyelala. Kwa mji mdogo kama Bwizibwera tope ni kidogo mno, na mitambo ya gesi ingekuwa mzigo.

Mtu anaweza kusema kwamba Uganda haina shida ya umeme. Ni kweli kwamba nchi hiyo, tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 mpaka Karuma yenye megawati 600 ilipozinduliwa mwaka 2024, imejenga uwezo mkubwa wa kuzalisha umeme wa maji. Lakini umeme uliopo Karuma si umeme uliopo katika pampu. Kati yake ziko nguzo, nyaya na transfoma, na miji iliyo mwishoni mwa nyaya ndiyo inayoonja kukatika kwa umeme mara kwa mara. Mwezi Machi mwaka 2025 mkataba wa miaka ishirini wa kampuni ya Umeme ulimalizika na usambazaji ukarudi mikononi mwa shirika la serikali. Ni mzigo mzito, na haitakuwa haki kutazamia kwamba kila transfoma ya mashambani itatengemaa kwa mwaka mmoja. Kwa sababu hiyo kituo cha pampu chenye mabamba yake kinakuwa na kinga ya mchana, na waya wa taifa unabaki kuwa wa asubuhi, jioni na usiku. Huo ndio mpango unaofaa: mabamba yapunguze ankara na yazibe pengo, yasibebeshwe mzigo wote.

Haraka ya jambo hili inatokana na maji. Jiji la Mbarara linakunywa maji ya Mto Rwizi, mto unaotoka katika vilima vya Buhweju. Kingo zake zimelimwa, ardhioevu zake zimekaushwa, na maji yake yamekuwa mekundu kwa udongo. Maji yanayotoka mjini hurudi katika mto huo huo, kisha huteremka kuelekea maziwa ya Mburo na Kachera, katika bonde ambamo limo pia Ziwa Nakivale. Watu na mifugo wa huko chini hawana njia ya kuchagua maji mengine. Kwa kuwa Rwizi umelemewa, umebuniwa mradi wa kuvuta maji ya Mto Kagera kwa ajili ya Isingiro na Mbarara, ambao Ufaransa imeukopesha fedha. Ni mradi wa maana. Lakini wahandisi huhesabu kwamba karibu sehemu nne kati ya tano za maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa machafu. Anayeleta maji mengi mjini analeta pia maji taka mengi, na kama bajeti ya mabomba ya kuingiza ni kubwa na ya kutoa ni ndogo, Rwizi ndio utakaolipa tofauti.

Sasa yarudiwe maneno ya ardhi. Mabwawa yanahitaji hekta nyingi, na yanazihitaji mahali pa chini, mbali kidogo na nyumba. Mji ukiwa mdogo ardhi hiyo ipo na bei yake inavumilika. Mji ukikua, haipatikani tena, au inapatikana kwa machozi. Mjini Nairobi mabwawa ya Ruai, ambayo ni tegemeo kubwa la jiji hilo katika kusafisha maji taka, yalivamiwa na wajenzi na wenye hati za kutatanisha, mpaka serikali ya Kenya ikabomoa na kuirudisha ardhi hiyo mwaka 2020. Mwezi Mei wa mwaka huo huo, wakati wa ugonjwa wa korona na katika majira ya mvua, nyumba za Kariobangi zilizokuwa katika ardhi ya mtambo wa maji taka zilivunjwa, na maelfu ya watu wakalala nje. Wengi wao walikuwa wameishi hapo kwa miaka mingi na kulipia viwanja vyao. Ardhi ya umma ilirudi, lakini waliolipa gharama si wale walioigawa.

Bwizibwera haijafika huko. Kinachotakiwa sasa si mabamba, wala mashine, wala wataalamu wa kutoka mbali. Ni mpimaji wa ardhi, ramani, na kikao cha halmashauri ya mji pamoja na wilaya, kitakachochora mstari kuzunguka bonde linalofaa na kusema kwamba hapa patakuwa na mabwawa, hapa patakauka tope la vyoo, na kingo hizi zitawekwa mabamba ya kuendesha pampu za mtaa ulio upande wa pili wa kilima. Mwenye shamba alipwe fidia yake kabla ya mstari huo kuchorwa kwa wino. Mabamba yanaweza kununuliwa mwaka wowote, na pengine mwakani yatakuwa rahisi kuliko mwaka huu. Bei ya viwanja vya Bwizibwera haitashuka.